Godoro la Sufi Mbele ya Madaktari

Jumatatu, 12 Novemba 1962

Mvua ya kwanza imeanguka na paa limevuja palepale pa mwaka jana. Nargis, yule mwenye duka tunayemuuzia asali, kanipa daftari hili kwa sababu kachoka kunisikiliza. "Andika, Mwanne," kasema, "mimi nina wateja." Haya, naandika.

Leo nimemkasirikia mume wangu, Yahaya. Karani Abbasi wa ofisi ya askari wa zamani katangaza kwamba jopo la madaktari litakuja kuwapima waliopigana Burma. Aliyeumia huko atatambuliwa, na matibabu yake yatalipwa na jeshi lililompeleka. Yahaya kapeleka jina. Macho yake yanaingia ukungu: la kushoto karibu limefunga, la kulia limeanza. Dar es Salaam wapo wanaoweza kuyatengeneza, ila kwa mtu wa kawaida foleni haina mwisho. Akitambuliwa kuwa majeruhi wa vita anapanda treni mara moja. Lakini kwa macho peke yake, anasema Abbasi, madaktari watasema ni umri tu. Ili waamini kuwa ni lile bomu lililomlipukia Burma, lazima waone na masikio yameharibika.

Basi Yahaya kaandikisha kuwa masikio yake ni mabovu. Masikio! Mtu ambaye nikimnyatia nyuma na sahani anageuka kabla sijafika! Ni mzito kidogo, ndiyo, alinieleza tangu uchumba, na huongea kwa sauti moja tu ya kuamrisha kama yuko gwaride. Lakini kila mwanamke wa mtaa huu ana mume anayesikia anapotaka. Tukiwapeleka wote kwa madaktari treni haitatosha.

Macho namwombea kila sala. Ila serikali hii ni yetu wenyewe, haijatimiza hata mwaka, na sitaki tuanze kwa kuidanganya.

Jumatano, 14 Novemba

Mvua. Nimefua, hazikukauka.

Jumanne, 27 Novemba

Leo nimecheka. Mvua ilipiga bati mpaka nikawa sisikii sauti yangu mwenyewe, na sauti yangu si ya kitoto. Mimi ndiye mwimbishaji wa lelemama, ngoma ya wanawake wa mtaa wetu wa Ng'ambo. Asiyenijua hapa Tabora basi kahamia jana. Nassibu alikuwa amekuja, rafiki yake Yahaya wa Burma, yule wa mguu mmoja na gongo. Mimi na Nassibu tukawa tunapigiana kelele kama wachuuzi wa stesheni. Yahaya anatutazama na kutujibu taratibu, kama vile mvua inanyesha kwa jirani.

Hao wawili wana kituko kingine. Wakikaa barazani husikii neno, midomo tu inacheza. Wanaume na siri zao.

Nilipokuwa nakaanga mihogo nikaanza kuimba, naye akaja kama kawaida yake, akasimama nyuma yangu na kunibandika kiganja mgongoni. Tangu tuoane hajachoka mchezo huo. Hata Nyamizi, binti yetu aliyeko Puge kwa bibi yake, hutucheka. Nikamwambia, "Baba Nyamizi, toka hapo, mafuta yatakuruka." Hakutoka. Mbishi sana huyu mtu.

Jumapili, 9 Desemba

Leo tumekuwa Jamhuri. Nimevaa khanga mpya na viatu vya kubana, nimejuta.

Askari wa zamani walipangwa uwanjani na medali zao. Baruti ikalipuliwa nyuma yao bila kutuonya. Tuliruka sote, mtoto wa Nargis akalia, Nassibu gongo likamtoka mkononi. Yahaya peke yake hakutikisa hata ukope. Kasimama kwenye ule mchanga laini kama mlingoti. Nimejisikia fahari, siwezi kusema uongo. Nikawaambia wanawake wenzangu, "Mnaona? Hiyo ndiyo Burma."

Jumatano, 19 Desemba

Mafuta ya taa yamekwisha tukiwa tunakula. Nimemwuliza mara tatu kama atakwenda kwenye mizinga yake ya nyuki Ijumaa. Kimya. Nimesusa, nimeondoka na sufuria.

Alhamisi, 10 Januari 1963

Madaktari wamekuja, na tumeshindwa.

Wamekaa ghorofani kwenye jengo la zamani la Mjerumani, chumba kikubwa, sakafu ya mbao iliyopigwa nta mpaka unajiona. Mimi nimekaa kwenye benchi ukumbini, mlango uko wazi, naona kila kitu. Yahaya kavaa koti lake la medali. Alipoiona sakafu ile akavua viatu mlangoni, kama afanyavyo mtu yeyote aliyelelewa, akaingia peku.

Mkubwa wao ni mzee wa Kizungu, mrefu, amepinda mgongo. Kamtazama macho kwa tochi. Kisha akamsimamisha katikati ya chumba, akaenda nyuma yake na kengele ndogo. Yahaya akageuka. Mzee akarudi nyuma zaidi, akaja kwa kunyata, akapiga makofi. Yahaya akageuka tena, tena kabla ya makofi. Mara ya tatu wakatuma msaidizi wao, kijana mwembamba, apite kando. Akageuka na kumtazama usoni. Madaktari wakatazamana.

Abbasi ndiye aliyetuletea maneno. "Pole, mzee Yahaya. Wanasema masikio ni mazima, na macho ni umri."

Nilitaka kusema: nilijua. Neno lilishafika mdomoni. Ndipo nikamwona mume wangu anavyomtazama Abbasi, anautazama mdomo wake kana kwamba utabadili maneno. Akaniuliza mimi, "Wamenikataa?" Nikamwambia ndiyo. Akaokota viatu vyake, akatembea peku kwenye tope mpaka nyumbani.

Ijumaa, 11 Januari

Nimelikunja koti la medali nikalirudisha sandukuni.

Jumapili, 20 Januari

Nisipoandika leo sitalala.

Asubuhi Yahaya alitaka kwenda kukagua mizinga msituni, njia ya Kaliua. Kwa vile haoni vizuri visiki, nikasema nakwenda naye. Nilitaka pia kumsuta njiani, kwa nini kajiaibisha na kuniaibisha. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote.

Sikuwahi kumwona kazini. Wanawake hatuendi huko. Alipanda mti kwa kupapasa, taratibu, akaufikia mzinga wa gome uliofungwa juu, akauwekea kiganja na kufumba macho. Akakaa hivyo kitambo. "Wamo," akasema. Mti wa pili akaweka kiganja: "Hawamo. Wamehama." Wa tatu: "Wamo, lakini wachache." Nikamwuliza aliposhuka anajuaje bila kufungua. Kasema, "Mkono unatetemeka." Nikaweka wangu kwenye mzinga uliokuwa chini karibu. Sikuhisi kitu, nikaona ananidanganya.

Tukawa tunarudi. Yeye mbele anasukuma baiskeli, mimi nyuma. Njia ni mchanga ulioloa, hata hatua zetu hazisikiki. Mara nikasikia juu: kraa! Tawi la mninga, nene kama pipa, limeoza kwa mvua, linaachia mbele yake pale anapoelekea.

Nikaita, "Baba Nyamizi!" Hakusimama. Nikaita tena. Nikaita Yahaya, jina ambalo sijalitamka mbele yake tangu niolewe. Nililiita kwa sauti ile ya harusini, inayofika mpaka reli. Ndege wote wa msitu ule waliruka. Mume wangu akaendelea kutembea, anatikisatikisa kichwa kama mtu anayewaza chakula cha mchana.

Sijui nilikimbiaje na khanga. Nilimkamata shati nikamvuta, tukaanguka wote wawili chali, na tawi likashuka juu ya baiskeli. Ardhi ikaruka.

Akageuka. Hakulitazama tawi. Aliutazama uso wangu, akautazama mdomo wangu uliokuwa bado wazi.

"Umeniita," akasema.

"Nimekuita mpaka koo limechanika!"

"Basi sasa umejua."

"Husikii? Kidogo tu unasikia?"

"Si kidogo, Mama Nyamizi. Hakuna kitu. Tangu siku ya lile bomu. Asubuhi nilikuwa nasikia, mchana nikawa sisikii."

Nilikaa pale kwenye majani mabichi, maji yananipenya. Nilimtazama kama mtu niliyekutanishwa naye leo. Nilikumbuka mvua ya Novemba, sote tunapiga kelele na yeye anatujibu: alikuwa anasoma midomo yetu! Nilikumbuka baruti. Nilikumbuka taa ilipozimika, nikamsusia eti kanyamaza, kumbe giza lilimnyang'anya maneno yangu. Subhanallah. Tangu mwaka arobaini na saba nakaa nyumba moja na mtu huyu, tumegombana, tumezaa, tumezika baba zetu, tumecheka mpaka machozi, na yote ameyafanya bila kusikia hata sauti moja.

"Na ninapokuja nyuma yako?"

"Ardhi inaniambia. Wewe unakanyaga kwa kisigino."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa wajomba zako wasinioze. Halafu nikazoea. Halafu nikaona aibu, siku zimeshapita."

Liko swali moja sikuliuliza. Lilifika kwenye ulimi nikalimeza, nikamsaidia kutoa baiskeli.

Jumanne, 22 Januari

Nassibu kakiri yote. Walilazwa kitanda kwa kitanda huko India, yeye mguu, Yahaya masikio. Nassibu alikuwa hana la kufanya, akawa anaongea bila sauti kutwa nzima na Yahaya anakisia, miezi na miezi, mpaka wauguzi wakadhani wamerukwa na akili. "Mwanafunzi wangu huyo, shemeji," kasema. Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. Mimi sikucheka. Nilimpelekea chai yenye maziwa yote yaliyobaki.

Jumapili, 27 Januari

Mwezi umeandama. Tumefunga.

Jumanne, 5 Februari

Jioni nimemtazama wakati wa kufuturu. Adhana imetoka msikitini, jirani wote wamesikia, yeye kashika kikombe na macho yako kwangu. Nilipoinua changu akainua chake. Miaka yote nilidhani ni heshima, ananisubiri mimi nianze. Nimejisifia kwa hilo mbele ya mashoga zangu! Sasa kila siku namwona akifanya jambo ambalo nililiona mara elfu na sikuliona. Nashangaa mpaka chakula kinapoa.

Jumanne, 19 Februari

NIMEPATA.

Tulipeleka asali kwa Nargis. Nyumba yao ina ghorofa, juu ni mbao. Yahaya kavua viatu mlangoni, akapanda, akasimama dirishani. Nargis akatoka chumbani nyuma yake, mwepesi yule, peku, hata mimi sikumsikia. Yahaya akageuka: "Salamu za mama wa Puge nimekuletea," akamwambia.

Halafu tulipotoka, akavaa viatu vyake vizito. Barabarani lori la Igunga likaja nyuma likipiga honi, mimi nimeruka mtaroni, yeye hana habari mpaka nikamvuta.

Viatu! Ile sakafu ya madaktari! Alikuwa peku juu ya mbao. Kila hatua ya yule mzee ilimpanda miguuni. Na askari mtu akimjia nyuma hageuki? Adabu yake ndiyo iliyomponza. Angeingia na viatu kama mhuni tungeshinda.

Nimekimbia kwa Abbasi na saumu yangu, sikupumzika hata kivulini. Abbasi ni kijana mstaarabu, kanisikiliza mpaka mwisho. "Dada Mwanne, watapita tena mwezi wa nne kwa waliokataa majibu. Baada ya hapo hawarudi tena. Namrudisha mzee kwenye orodha. Lakini watakuambia umemfundisha kujifanya."

"Waniambie," nikasema.

Jumanne, 26 Februari

Idi. Tumecheza lelemama. Nimeimba. Yahaya kasimama kando ya ngoma, mahali pake pa siku zote, peku. Sikuweza kumtazama.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua siku nne mfululizo. Choo cha jirani kimebomoka.

Jumatatu, 25 Machi

Jicho la kulia linafunga. Sasa hunishika kidevu akanigeuzia kwenye mwanga ndipo aone nasema nini. Magharibi ikiingia hatuongei tena. Anakaa na kiganja ukutani, anasikiliza nyumba. Mimi niliyekuwa nasema sana sasa nasema maneno machache, makubwa makubwa, ili yamfikie.

Leo kaniuliza, "Hili likifunga, utaniambiaje kuwa chakula kiko tayari?" Alikuwa anatania. Nimeingia ndani nikalia kwenye mto. Jicho hili likifunga, mume wangu atakuwa hai na hakuna hata mtu mmoja atakayeweza kumwambia kitu. Sitakubali. Wallahi sitakubali.

Jumanne, 16 Aprili

Nitaandika polepole, maana nataka nisisahau.

Nimekwenda kwa madaktari na godoro. Ndiyo, godoro letu la sufi, nimelikunja na kulitwika kichwani kutoka Ng'ambo mpaka kule, Yahaya ananifuata na koti lake la medali, Nassibu nyuma anachechemea na gongo. Watu wa sokoni wakauliza kama tumefukuzwa nyumba. Nikawajibu wafunge midomo.

Ghorofani mzee yuleyule. Aliponiona na mzigo ule akainua nyusi. Abbasi akamweleza kuwa sakafu ndiyo inayomwambia Yahaya, na godoro litaizuia. Yule kijana mwembamba akacheka, akasema kitu, na Abbasi hakutaka kukitafsiri. Lakini mzee hakucheka. Alikitazama kiti, akaitazama sakafu, akaitazama miguu ya Yahaya. Kisha akakaa, akavua viatu, akavua na soksi. Miguu myeupe, imejaa mishipa, maskini. Akasimama katikati ya chumba, akafumba macho na kuziba masikio kwa vidole, akamwashiria yule kijana atembee nyuma yake.

Hatua ya kwanza, mzee hakufanya kitu. Ya tatu, akafumbua macho. "Kweli," akasema kwa Kiswahili, tena kwangu mimi. "Kweli kabisa, mama."

Wakalitandika godoro. Yahaya kasimama juu yake na viatu, anatazama dirishani, uso kwenye mvua. Wakapiga kengele nyuma yake. Hakugeuka. Makofi, hakugeuka. Kijana akaangusha beseni la bati. Abbasi karuka, mimi nimeruka, Yahaya anatazama mvua.

Kijana akasema kwa Kiingereza, na safari hii Abbasi akatafsiri: huenda amefundishwa kutulia kwa kelele. Mtu hawezi kujizuia kwa sauti anayoipenda. Mke wake amwite.

Nikasimama nyuma ya mume wangu. Nikamwita Baba Nyamizi. Nikamwita Yahaya. Kimya. Kisha sijui kilichonijia, nikafungua kinywa nikauanza ule wimbo niliouimba kwenye harusi ya watu mwaka arobaini na saba, ule ulioleta posa nyumbani kwetu. Habari hiyo nimeisimulia kila baraza ya mji huu: niliimba, askari kanisikia, kesho yake kaleta washenga.

Niliimba sijaimba hivyo maisha yangu. Ukumbi ukajaa. Makarani wametoka vyumbani, wagonjwa wamesimama kwenye ngazi, mfagiaji kashika fagio hafagii. Nikaona mzee wa Kizungu katoa miwani. Nami natazama kisogo cha mume wangu, shingo yake, mabega yake, naomba asigeuke, na moyo wangu wote unaomba ageuke. Kila ubeti uliopita bila yeye kugeuka ulikuwa unatupatia macho yake, na ulikuwa unaninyang'anya posa yangu. Hakugeuka. Nikamaliza, watu wakapiga vigelegele, na Yahaya bado anatazama mvua.

Nikamgusa bega. Akageuka, akaona watu wote wale na uso wangu umeloa. "Tumeshindwa?" akauliza.

Nikajifuta uso kwa khanga. Nassibu ndiye aliyemwambia, bila sauti, midomo tu, kutoka mlangoni: tumeshinda.

Jumanne, 23 Aprili

Majibu yamekuja rasmi. Masikio ni bomu, macho ni bomu. Kesho anapanda treni ya Dar es Salaam, Nassibu anamsindikiza. Abbasi kasema wakimpasua mapema la kulia litapona, na la kushoto huenda.

Mchana, mwanga ukiwa bado mzuri, nimemkalisha mlangoni na kumshika kidevu mimi, safari hii. Nikaliuliza lile swali nililolimeza msituni.

"Siku ile ya harusi ulikuwa hunisikii."

"Nilikuwa sikusikii."

"Hujanisikia hata siku moja."

"Hata siku moja."

"Sasa posa uliletea nini, wewe mtu?"

"Nilikuwa natazama watu," akasema kwa ile sauti yake ya gwaride. "Tangu nirudi nilikuwa naona nyuso tu, zote zimefunga. Wewe ukafungua mdomo, zikafunguka zote. Mzee mmoja alikuwa anagombana na wapishi, akaacha, akatabasamu peke yake. Nikasema, sijui mwanamke huyu anatoa kitu gani, lakini mimi nitakaa karibu nacho."

Nimelia, nimemtukana, nimemwita mwizi. Kisha nikaenda jikoni, maana msafiri lazima ale. Nikabandika wali. Nikaanza kuimba, sauti haikutoka vizuri, nikaanza tena.

Akaja. Akasimama nyuma yangu, akaniwekea kiganja mgongoni kama siku zote, na kwa mara ya kwanza nikajua anafanya nini pale. Niligeuza shingo nikamwona kafumba macho, kama kule kwenye mizinga.

"Wamo," akasema.

Nikaimba mpaka wali ukaungua, na tumeula hivyo hivyo.